Shilingi mia sita, za wapi?

Karatasi yenyewe haizidi kiganja cha mkono. Imeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wino umegeuka rangi ya kahawa, na pale ilipokunjwa imeanza kukatika. Inasema kwamba mwezi wa Safar mwaka 1387 wa Hijria babu yangu, mkaazi wa Amu, yaani Lamu, alimkopesha mtoto wa ami yake aliyeko Tanga shilingi mia sita za kununulia fungu katika mashua. Chini kuna majina ya mashahidi wawili. Basi. Safar ya mwaka ule iliangukia Mei 1967 na kuingia Juni kidogo.

Haisemi shilingi za wapi. Aliyeandika hakusahau. Mwaka ule shilingi ya Kenya na shilingi ya Tanzania zilikuwa moja kwa moja, au kama alivyokuwa akitamka Bibi, moya kwa moya. Mtu angeuliza za wapi, angeonekana anauliza kilo ya mchele wa Tanga na kilo ya mchele wa Lamu ipi nzito.

Swali lilikuja miaka thelathini na moja baadaye, na mimi nilikuwapo.

Ilikuwa Maulidi ya 1998, mwezi wa Julai. Mvua za El Niño zilikuwa zimeiharibu barabara ya kuja kwetu, na wageni waliofika Mokowe, gati la upande wa bara, mwaka ule walifika wamechoka. Ami yangu wa Tanga, mtoto wa yule aliyekopa, alifika na sanduku moja na kikapu cha machungwa. Baada ya Isha akaja nyumbani kwetu Langoni, akamwamkia Bibi, akakaa mkekani, akatoa bahasha. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliopita. Kabla hajakata roho aliwausia wanawe: nadaiwa shilingi mia sita Amu, msinizike nalo. Walimzika nalo kwa kuwa safari haikuwezekana siku ile, na jambo hilo lilikuwa likimnyima ami usingizi.

Akaifungua bahasha. Ndani mlikuwa na noti moja ya mia tano na sarafu moja ya mia, za Tanzania.

Nilikuwa nimemaliza fomu foo na nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wateja wetu wengine walikuwa manahodha wa kutoka kusini, kwa hiyo hesabu ya pesa nilikuwa nayo kichwani: shilingi moja yetu kwa kumi na moja zao. Mia sita gawanya kwa kumi na moja. Hamsini na tano hivi. Kilo ya sukari. Pesa zilizonunua fungu la mashua zilikuwa zimelala pale mkekani, na ningeweza kuzifunika kwa vidole viwili.

Mjomba wangu mkubwa hakunyamaza. Deni limekopwa Amu, akasema, litalipwa kwa pesa ya Amu: mia sita za Kenya. Ami akajibu kwa adabu kwamba yeye hana pingamizi, ila mashua ilinunuliwa Tanga, muuzaji akalipwa Tanga, na usia wa marehemu ulisema mia sita. Je, akitoa zaidi ya alichousiwa, ndugu zake hawatasema amechezea mali ya mirathi? Pakawa na kimya ambacho sitaki kukisikia tena kati ya ndugu. Hakuna aliyekuwa mwizi mle ndani. Kila mmoja alikuwa anasema kweli, na kweli mbili zilikuwa zimeachana mara kumi na moja.

Kesho yake akaitwa maalim wa mtaani. Aliisoma karatasi mara mbili, akaanza kueleza kwamba mkopo hulipwa kwa mfano wake, pishi kwa pishi, dirhamu kwa dirhamu. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: pesa zenyewe zilizotolewa siku ile zilikuwa za namna gani?

Bibi alikuwa nyuma ya pazia. Akasema, "Zilikuwa na mashua."

Tukadhani anazungumzia kilichonunuliwa. La. Alikuwa anazungumzia noti. Yeye ndiye aliyezitoa kashani na kuzihesabu, na anazikumbuka kwa sababu babu alitania kwamba anatoa mashua za karatasi kununua mashua ya mbao.

Ilinichukua miaka kujua kwamba Bibi alikuwa sahihi kabisa. Noti zilizotolewa mwaka 1964 na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki zilikuwa na picha ya chombo cha tanga juu ya maji ya Ziwa Victoria. Hazikuwa za Kenya wala za Tanzania. Zilikuwa za shilingi ya Afrika Mashariki, mama wa zote mbili, ambayo Mei 1967 ilikuwa bado ikipokelewa madukani huku noti za Mzee Kenyatta na za Mwalimu Nyerere zikiichukulia nafasi yake. Babu alikopesha pesa iliyokuwa katika sakarati ya mauti.

Niseme kidogo habari ya huyo mama, maana watoto wetu hawamjui. Pwani hii imepitia pesa nyingi. Kulikuwa na riale ya Maria Theresa, ambayo wazee bado waliitaja kwenye mahari. Thumuni tuliyoiita senti hamsini ni neno la Kiarabu la sehemu ya nane, maana thumuni nane zilifanya riale. Ikaja rupia. Mwaka 1920 rupia ikageuzwa florini, na florini haikutimiza hata miaka miwili, ikafuatwa na shilingi mwaka 1921, mbili kwa florini moja. Unguja wao walibaki na rupia yao hadi 1936, wakaibadilisha kwa shilingi moja na nusu. Kuanzia hapo, kutoka Lamu hadi Unguja, kutoka Kampala hadi Mtwara, pesa ilikuwa moja, na ishirini zake zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Ndiyo maana wazee wa Lamu hadi leo wakisema pauni wanamaanisha shilingi ishirini. Na tazama mambo: Novemba 1967 Uingereza ilishusha thamani ya pauni yake, Kenya na Tanzania zikakataa kuifuata. Pauni ya Mwingereza ikawa shilingi kumi na saba na senti kidogo, na pauni ya mzee wa Langoni ikabaki ishirini.

Lakini Bodi ile ilikuwa na kasoro ambayo serikali huru haikuweza kuivumilia. Ilitoa shilingi kwa kadiri ya akiba ya pauni iliyowekwa London. Nchi haikuweza kuamua yenyewe pesa kiasi gani izunguke nyumbani kwake. Juni 1965 nchi tatu zikatangaza kuwa kila moja itafungua benki kuu yake. Ya Tanzania ilianza Juni 1966, na noti za Kenya zikatoka Septemba mwaka huohuo. Dola moja ilikuwa shilingi 7.14 huku na 7.14 kule. Mapacha. Waliosema wakati ule kwamba watabaki mapacha milele walikuwa na sababu nzuri ya kuamini hivyo, na mimi siwacheki.

Zilikaa pamoja muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1975 zote zilifungwa kwenye kipimo kimoja cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kilichovunjika kwanza hakikuwa shilingi, kilikuwa udugu. Februari 1977 mpaka ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huo, na mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Kwetu miaka ile inakumbukwa kwa sabuni. Bibi alikuwa akituma Tanga miche ya sabuni na dawa ya meno kwa njia ya bahari, imefichwa chini ya mikeka, kwa sababu kule madukani rafu zilikuwa tupu. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula akiba ya dola, mashirika ya umma yalikuwa yanachechemea.

Hapa ndipo hesabu za kwenye vitabu zinaponishangaza zaidi. Mwaka 1983, kwa wastani wa bei rasmi, dola moja ilikuwa kama shilingi 11 za Tanzania na kama 13 za Kenya. Soma tena. Katika mwaka ambao watu wa Tanga walikuwa wakipanga foleni ya sabuni, shilingi yao kwa karatasi ilikuwa na nguvu kuliko yetu! Serikali ilikuwa imeishikilia bei kwa mikono miwili. Mitaani ilikuwa habari nyingine, na aliyeshikwa akiuza kwa bei ya mitaani aliitwa mlanguzi na kupelekwa mbele ya sheria ya uhujumu uchumi.

Mkono ukachoka. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, Tanzania ilikubaliana na wakopeshaji, na dola ikaruka kutoka kama shilingi 17 hadi 40. Haikusimama hapo. Mwaka 1990 ilikuwa wastani wa 195. Yetu mwaka huo ilikuwa 23. Kwa hiyo kutoka moja kwa moja hadi moja kwa nane na nusu, kazi yote karibu ilifanyika katika miaka minne.

Sasa Mkenya akisoma hapo anaanza kutabasamu. Asitabasamu. Mwaka 1993 ilikuwa zamu yetu. Pesa zilikuwa zimechapishwa kwa wingi wakati wa uchaguzi wa 1992, mabilioni yakalipwa kama zawadi ya kuuza nje dhahabu ambayo nchi hii haikuwa nayo, na shilingi iliyouanza mwaka kwenye 36 kwa dola ikaumaliza karibu na 68. Nilikuwa bado mwanafunzi. Nakumbuka mama akirudi kutoka dukani na unga wa bei nyingine kila wiki, akaacha kututuma sisi kwa sababu pesa aliyotuhesabia haikutosha tukifika.

Turudi mkekani. Maalim alisema kwamba pesa ikiondolewa kabisa sokoni, wanazuoni wamekhitilafiana, na wako wanaosema itazamwe thamani yake siku ya mkopo. Nikaombwa nipige hesabu. Nilikuwa kijana, nikataka kuonyesha. Mia sita gawanya kwa 7.14 ni dola 84. Mwaka 1967 aunsi ya dhahabu ilikuwa dola 35, kwa hiyo zile noti za mashua zilikuwa sawa na aunsi 2.4, kama gramu 75. Mwaka 1998 dhahabu ilikuwa karibu dola 300 kwa aunsi. Dola 720. Zidisha kwa shilingi 60 za Kenya. Nikaitaja sauti ya juu: elfu arobaini na tatu.

Ami aliinamisha kichwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Najuta kuitaja vile, kwa ile furaha ya mtu aliyepata jibu sahihi ubaoni.

Kwa hiyo deni moja lilikuwa na majibu matatu: shilingi hamsini na tano, shilingi mia sita, na shilingi elfu arobaini na tatu, zote za Kenya, zote za siku hiyohiyo, na kila moja ilikuwa na mtu wa kuitetea. Bibi ndiye aliyekuwa mrithi mwenye neno, na ndiye aliyekata. Alitoka nyuma ya pazia, akaichukua ile noti na ile sarafu, akazifunga kwenye pindo la leso. "Nimepokea," akasema. "Mume wangu alitoa mia sita, na mia sita zimerudi. Mwanangu, kalale."

Ami alilala. Miaka mitatu baadaye nilipopata nafasi ya kusomea uhasibu Tanga, nilikaa kwake miaka miwili. Chumba, chakula, nauli ya daladala. Nilipojaribu kumpa chochote alikataa kwa kutikisa kidole tu. Hatukuitaja kamwe ile bahasha.

Safari yangu ya kwanza kwenda huko ndiyo iliyonifunza upande wa pili wa jambo hili, yaani kwamba kuijua reti si kuwa na pesa. Pale mpakani, kati ya Lungalunga na Horohoro, vijana walinizunguka na mabunda. Nilikuwa na elfu tano. Mmoja akanipa kumi na moja kwa moja, reti nzuri, nikaona wengine ni wezi na huyu ni muungwana. Akahesabu mbele ya macho yangu noti za elfu moja, hamsini na tano, akizipitisha kwa dole gumba upande mmoja. Nilipofika kwa ami nilihesabu tena kitandani: arobaini na tatu. Kumi na mbili zilikuwa zimekunjwa katikati, kila moja imehesabiwa kichwani na mkiani. Ami alichukua bunda, akanionyesha namna ya kulishika: ulifungue lote kama feni, uhesabu kutoka pembe, na usikubali kamwe lirudi mkononi mwake baada ya wewe kuhesabu. Hadi leo nahesabu hivyo, hata benki.

Tanga ndiko nilikoacha pia ujinga mwingine. Wakenya tuna tabia ya kufika kule na kujiona matajiri, na elfu hamsini zetu leo zinakaribia milioni yao. Wenyewe hawatusaidii, maana wana utani wa kuiita pesa yao ya madafu. Nami nawaambia wenzangu: basi tupime kwa madafu. Hapa Mkunguni, chini ya miti iliyoikabili ngome, dafu nimenunua kwa hamsini. Tanga, kando ya bandari, nimenunua kwa elfu moja. Elfu moja kwa reti ya ishirini ni hamsini ileile. Dafu ni dafu, maji yake ni yaleyale, na kijana anayelipasua kwa panga pale na hapa anarudi nyumbani na mfuko unaokaribiana. Ile ishirini haisemi kwamba sisi ni bora mara ishirini. Inasema tu kwamba kati ya 1967 na leo kuna siku fulani wao walilegeza mkono na siku fulani sisi tulilegeza, na wao walilegeza kwa nguvu zaidi. Ni kumbukumbu ya yaliyopita, imeandikwa kwa tarakimu. Inaniuma nikimsikia mtoto wa Kenya anamdharau mwenzake kwa tarakimu hiyo, inaniuma kweli.

Na haitulii. Mwaka 2005 ilikuwa kumi na tano, mwaka 2015 ilikuwa ishirini. Kisha Januari 2024, tulipokuwa na deni la dola bilioni mbili la kulipa Juni na kila mtu akijiuliza litalipwa na nini, dola ilifika shilingi 160 na wageni wa Tanga wakitubadilishia shilingi yetu moja walitupa chini ya kumi na sita za kwao. Februari serikali ikakopa bilioni moja na nusu mpya kulipia sehemu ya la zamani, shilingi ikarudi hadi karibu 130. Zao nazo mwaka huohuo zikateleza hadi 2,700 kwa dola, na tukajikuta tumefika ishirini na moja. Mwaka mmoja! Mfanyabiashara wa vitenge aliyechukua mzigo Januari na kulipa Oktoba, Mungu ndiye anayejua alivyotoka.

Novemba 2013 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyofufuliwa, walitia saini pale Kampala mkataba wa kurudi kwenye pesa moja ifikapo 2024. Mwaka huo umepita, na sasa wanasema 2031. Mimi naitaka pesa hiyo, nasema bila kuficha. Ila naitaka ikiwa imejibu kile kilichoiua ya kwanza: nani ataamua kiasi, na mmoja akikopa kupita uwezo wake, nani atalipa. Wasipojibu hilo, tutapata noti nzuri zenye picha ya mashua, na wajukuu wetu watakaa mkekani wakigombana.

Bibi alifariki 2009. Ile noti na ile sarafu zilikutwa kashani, bado zimefungwa kwenye leso, pamoja na karatasi ya deni. Hakuzitumia.

Maulidi ya 2025 alikuja mtoto wa ami, yaani mjukuu wa mkopaji, ambaye ana boti ya uvuvi na injini yake imekufa. Nikamkopesha elfu sitini. Alitaka kunitumia ahadi kwa simu, nikamwambia tuandike. Tulikaa sebuleni palepale Langoni, akashika kalamu, akaandika tarehe na jina langu na jina lake, akaandika shilingi elfu sitini, akasimama na kunitazama.

"Kaka, niandike za wapi?"

Tukaandika za Kenya. Kisha tukaongeza mstari mmoja: siku ambayo shilingi moja ya Kenya ilikuwa kumi na tisa za Tanzania, na dafu la Mkunguni lilikuwa shilingi hamsini.